Difu ya Meno Thelathini na Saba

Watu watatu ndio walionivunja mguu wa kushoto. Wawili nawataja hapa hapa mwanzoni, msije mkasema niliogopa: Kassimu, muuza spea wa sokoni Ifakara, na Deusi, niliyefanya naye kazi miaka mingi kwenye gereji yetu ya Kibaoni. Wa tatu msubirini. Deusi nilishamsamehe nusu. Kassimu sikumsalimia kwa miaka kumi na minne, na mnajua kwetu huku mtu kumnyima mkubwa wake shikamoo ni jambo zito kuliko kumpiga kofi.

Mimi nimeishia darasa la tano. Mkikuta neno limekaa vibaya lirekebisheni wenyewe, kama mnavyorekebisha kazi ya fundi mwenzenu, kimya kimya bila kumwambia mwenye gari.

Nawaandikia nyinyi mlionunua mikonga ya zamani kwenye minada, zile gari ngumu zenye bomba la hewa lililopanda juu kama pua ya tembo. Kila wiki lazima mmoja wenu asimame kwenye baraza yangu. "Shikamoo mzee. Nifunge loki mbele au nyuma?" Nina miaka hamsini na sita tu, mzee ni hii fimbo. Wengine wanastaafu kwa umri, mimi nilistaafishwa na tairi. Sasa nimechoka kurudia maneno yale yale, na nimechoka zaidi kumsikia Deusi akiwasimulia kwenye kijiwe chake cha bajaji kwamba siku ile alinirukia kuniokoa. Deusi hakuruka. Deusi alikuwa amekaa kwenye kiti, mdomoni ana mwiba wa samaki.

Tuanze na difu yenyewe. Difu ni lile boga la chuma katikati ya ekseli, linalogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili. Kwenye barabara nzuri inagawa kwa haki. Kwenye tope haina haki hata kidogo. Inafanya kama kamati ya harusi: aliyebeba kuni hapati hata ukoko, anayezunguka zunguka na sahani tupu ndiye anayejaziwa pilau. Tairi moja likiteleza, nguvu yote inakimbilia huko huko kwenye kuteleza, na lile lililokanyaga pagumu linakaa kama mgeni. Loki ndiyo inayowafunga hao wawili kamba moja. Mmoja akizunguka, na mwenzake lazima azunguke.

Nilipoanza kazi hatukuwa na loki za dukani. Tulikuwa na mashine ya kuchomelea. Unafungua difu, zile gia ndogo za ndani unazichomelea zote pamoja, kwisha. Loki ya maisha. Kwenye tope ilikuwa inatembea kama trekta, na mimi nikajiona nimemzidi akili aliyetengeneza gari. Nikamchomelea difu bwana mmoja wa Lupiro aliyekuwa akileta samaki mjini, enzi hizo tunavuka mto kwa kivuko, daraja bado. Akaja siku ya gulio, akafika pale kwenye mzunguko, akakata usukani. Gari likaendelea mbele. Akakata tena. Gari likasema hapana, mimi naenda moja kwa moja. Likaingia kwenye meza za nyanya, perege wakamwagika juu ya nyanya, na mama mwenye meza akasema, "Baba, hii mboga umeshanipikia, bado chumvi tu!"

Mzee Otmari, aliyenifundisha kazi, alinikalisha chini siku hiyo. Alikuwa Mpogoro mfupi, mkimya, amezeekea kwenye gereji ya misheni. Akaniambia, "Wende, tairi la ndani na la nje hayatembei njia sawa kwenye kona. Umewafunga kamba watu wanaokwenda shamba tofauti." Tangu siku hiyo sikuchomelea tena difu ya mtu. Na nyinyi msichomelee, hasa sasa hivi lami imetufikia. Tope lilikuwa linasamehe. Lami haisamehe, inakula tairi na kukata ekseli, na mwenye gari atakukuta nyumbani.

Loki nzuri ni ile unayoiwasha ukitaka na kuizima ukitaka. Kuna za waya wa kuvuta kwa mkono, kuna za umeme, kuna za upepo. Mnanionyesha kwenye simu Mzungu anafunga ya upepo akiwa amevaa glavu nyeupe, mnasema, "Mzee, hii ndiyo kiboko." Sawa. Mwulizeni kama kwao kuna panya wa mpunga. Niliwahi kufunga loki ya upepo kwenye gari la kubeba mpunga kutoka Mchombe, nikapitisha mrija wake vizuri chini ya sakafu, kazi safi kabisa. Punje zinamwagika kwenye sakafu, panya anafuata punje, akishiba anasafisha meno kwa mrija wangu. Mara tatu nimebadilisha mrija ule. Mara ya nne nikaupitisha ndani ya bomba la chuma. Panya akahamia kwenye nyaya za taa. Kwa bonde letu mimi ni mtu wa waya wa kuvuta. Ni nzito, inaumiza mkono, lakini panya hana hamu nayo.

Na jibu la mbele au nyuma ni nyuma. Ya nyuma kwanza, siku zote. Ukifunga ya mbele, usukani unakuwa kama wa meli, na ekseli za mbele ni nyembamba, zinakatika. Ukiona loki ya nyuma haikutoshi, tatizo ni wewe, ulipaswa kuzunguka.

Sasa meno.

Ndani ya difu kuna gia kubwa na gia ndogo. Unahesabu meno ya kubwa na ya ndogo. Ya ndogo kwa mikonga yetu ni sawa zote, kwa hiyo hapa nataja ya kubwa tu. Difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane meno. Zisipolingana, ukiingiza fowili, yaani matairi yote manne yavute, matairi ya mbele yanataka kwenda mwendo wao na ya nyuma mwendo wao, na gari ni lile lile moja. Kwenye tope hutaona kitu, maana tope linaacha matairi yateleze. Ukifika pagumu, chuma kinaanza kujinyonga chenyewe kama nguo inayokamuliwa.

Kuhesabu meno arobaini kunaonekana kazi ya mtoto wa chekechea. Jaribuni kuhesabu Ifakara. Umefika kumi na tisa, anapita mtu: "Za kazi, fundi?" Usipojibu, kabla jua halijazama mji mzima unajua Wendelini ana kiburi. Akiwa mkubwa kwako ni shikamoo, na shikamoo haitolewi ukiwa umelala chali unamwonyesha mtu soli za viatu. Unatoka uvunguni, unasimama, unafuta mikono, unauliza ya nyumbani, unauliza ya shamba. Ukirudi, kumi na tisa imeshaondoka na mgeni.

Ndiyo maana Mzee Otmari alikuwa na kikombe cha bati na mpunga mfukoni. Jino moja linapita, punje moja kikombeni. Anakuja mgeni, anamsalimia hadi na mbuzi wake, anarudi, punje ziko pale pale. Mwisho anazimwaga kwenye kitambaa na kuzihesabu. "Punje haisalimii mtu," alikuwa anasema. Tulimcheka sana. Mimi nilimcheka kuliko wote, kwa sababu nilijua kuhesabu hadi elfu na nilitaka watu waone.

Basi, mwaka huo alikuja Mama Sekunda. Mama Sekunda analima mpunga ng'ambo ya mbuga moja, upande wa chini wa Mchombe. Miche ya mpunga ikishang'olewa kitaluni haisubiri, lazima ifike shambani siku hiyo hiyo, vinginevyo inakuwa chakula cha ng'ombe. Alikuwa na mkonga mkuukuu, na kila masika ulikuwa unalala kwenye mbuga ile, na kila ukilala anaitwa Masanja.

Masanja ni Msukuma, mfugaji, na kazi yake nyingine ilikuwa kunasua magari kwa ng'ombe wanne. Anafunga mnyororo, anapiga mluzi, gari linatoka. Halafu ananitafuta mjini kunitania. "Fundi, umesikia? Nimetoa tena gari lililotoka kwako. Ulilifunga nini, usingizi?" Namwambia subiri, nafunga loki, ng'ombe wako watastaafu. Anacheka hadi anashika mti. "Loki ninayo, fundi. Yangu ina pembe."

Hilo neno liliniuma. Nikamwahidi Mama Sekunda mbele ya watu kwamba masika hayo gari lake litavuka bila pembe.

Difu yake ya nyuma ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nilitafuta nyingine nzima yenye loki ndani yake. Kassimu alikuwa nazo kadhaa, zimetoka kwenye magari yaliyokufa. Nikahesabu meno ya ile ya zamani, nikaenda dukani, nikasema namba, akaingia stoo, akatoka na difu ya loki ya waya. Akaniambia, "Hiyo hapo mwanangu, kama ulivyotaka." Nikaipakiza. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia watu miaka kumi na minne, na mwisho wa hadithi naongeza: nilimwomba ya meno arobaini na moja, mshenzi akanipa ya thelathini na saba.

Tukafunga, mimi na Deusi. Hapo nisikilizeni, maana kazi ya kufunga niliifanya vizuri na sitaki mtu aniondolee. Nilikwangua masizi ya sufuria za mama ntilie wa jirani, nikayachanganya na grisi, nikapaka meno, nikazungusha, nikaona alama imekaa katikati ya jino panapotakiwa. Mama ntilie akauliza, "Fundi, sufuria yangu inang'aa hivi kwa heri gani?" Oil sili mpya, ule mpira wa kuzuia mafuta, bolti nimekaza kwa mtindo wa msalaba. Waya wa loki ulivutika kama kengele ya kanisa. Kitu kimoja sikufanya: kuinua gari, kuweka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye difu, kuzungusha na kulinganisha nyuma na mbele. Dakika kumi tu. Lakini wingu lilikuwa limeshajaa kule milimani na Mama Sekunda alikuwa ameshafunga kanga kiunoni, na Mama Sekunda akishafunga kanga kiunoni hakuna fundi anayemwambia habari za chaki.

Tukaondoka saa tano, gari limejaa miche na wapandaji. Deusi anaendesha. Tukafika mbugani, nikavuta waya, loki ikaingia, Deusi akaingiza fowili. Jamani! Gari lilitembea! Tope hadi kwenye milango, mkonga unanguruma, wapandaji wanaimba, na pale pembeni Masanja kasimama na ng'ombe wake, fimbo mabegani. Nikatoa kichwa dirishani. "Masanja! Wapeleke wakanywe maji, hao wamestaafu!" Akanipungia fimbo. Tukashusha watu na miche, Mama Sekunda akanipa mkono mbele ya wote. Siku hiyo hadi saa nane mchana nilikuwa fundi mkuu wa bonde zima.

Kabla ya kurudi, Deusi akasema ana njaa. Alikuwa amepewa perege wawili. Akawasha moto, akachoma. Kuni zilikuwa zimelowa, lakini moto wa Deusi uliwaka vizuri ajabu. Nilikula nusu ya samaki wake na sikuuliza.

Kurudi tukavuka tena, tukapanda tuta la barabara kuu, changarawe imeshindiliwa ngumu. Tukiwa kwenye mteremko wa tuta, gari likaanza kurukaruka, likapiga kishindo, likasimama. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Mti wa fowili, ile fimbo ya kuiingiza na kuitoa, umekaza kama umechomelewa. Nikaingia uvunguni, nikagonga propela kwa spana. Ikalia kama waya wa gitaa, imejinyonga. Pale pale nikajua meno hayalingani. Nikasema kwa sauti, peke yangu chini ya gari, "Kassimu, umeniua."

Dawa yake ni kufungua propela moja ili chuma kipumue. Bolti za propela ya mbele zilikuwa zimeliwa na kutu, nikaamua kufungua ya nyuma. Lakini kwenye yale magari ya zamani breki ya mkono haishiki tairi, inashika propela ya nyuma. Ukiifungua hiyo, usitegemee breki ya mkono, weka kitu kwenye matairi. Na bonde letu halina mawe, ni udongo mweusi mtupu, ndiyo maana kila gari la kwetu linatembea na kigogo.

"Deusi! Weka kigogo kwenye tairi!"

Nikasikia miguu yake inazunguka gari mara moja, mara ya pili.

"Deusi!"

"Kaka, kigogo... si ndicho tulichochomea samaki?"

Kigogo cha mninga, kikavu, nilichokichonga kwa mkono wangu. Nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, halafu nikamwambia aketi kwenye kiti, ashike breki ya mguu kwa nguvu zake zote, na asiguse kitu kingine chochote. Nikafungua bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya mwisho ilitoka na mlio wa bunduki, propela ikadondoka, chuma kikapumua. Na Deusi huko juu akaona mti wa fowili umelegea. Kwa furaha akaukamata kwa mikono miwili, akauvuta, akainuka kitini. "Kaka, imetoka!" Mguu wake nao ukatoka kwenye breki.

Gari likarudi nyuma taratibu kabisa, kama mtu anayeomba njia. Nilijiviringisha kulia, karibu nimalize. Mguu wa kushoto ukabaki. Tukashuka wote hadi kwenye mtaro wa chini, gari likatua na tairi juu ya goti langu, na mimi nimelala kwenye maji yaliyonifika shingoni. Mvua ikaanza.

Udongo ule ule niliokuwa nikiulaani ndio ulioniacha hai. Ungekuwa changarawe, mguu ungebaki pale. Tope liliumeza mguu kama kitumbua kwenye mafuta, ukazama. Lakini maji ya mtaro yalikuwa yanapanda. Shingoni, kidevuni. Deusi akalia, halafu akakimbia, na hilo ndilo jambo moja zuri alilofanya siku ile: alikimbilia upande sahihi.

Masanja akaja na wanne wake. Akainama, akaniangalia, mimi nimeinua pua juu kama kiboko. Na kwa kuwa ni mdogo kwangu na amelelewa vizuri, akasema, "Shikamoo, fundi."

Nikaitika, "Marahaba," maji yakaingia mdomoni.

"Fundi, hawa si wamestaafu?"

"Masanja, nakuomba..."

"Hapana, nauliza tu. Niwarudishe kazini?"

Akafunga mnyororo akiwa anaongea hivyo hivyo, mikono inakimbia kuliko maneno. Baadaye nilielewa alikuwa ananizuia nisizimie. Akapiga mluzi. Ng'ombe wale hawakuruka, hawakuvuta kwa kishindo, walilalia mnyororo pamoja, wanne kama mmoja, gari likainuka kutoka kwenye mguu wangu. Niliwahi kumwambia hata loki bora duniani haiwezi kufanya vile. Nikamwambia na wabeja, asante ya kwao, neno pekee la Kisukuma nililolijua. Kila sikukuu ya Krismasi tangu hapo nampelekea gunia la chumvi, la ng'ombe, si lake.

Mguu ulipona ukiwa umenyooka moja kwa moja. Haukunjiki. Fundi asiyekunja goti haingii uvunguni, na kazi ya fundi iko uvunguni. Mama Sekunda akarudishiwa difu nyingine na gereji, ile ya meno thelathini na saba ikaletwa kwangu, nikaitupa nyuma ya nyumba. Kuku wakaifanya kiti. Kila aliyetaka kuinunua nilimwambia ina laana. Kassimu alinitumia watu mara mbili hospitali, na mara ya tatu akaja mwenyewe na kikapu cha machungwa. Niligeukia ukutani. Nikipita dukani kwake naangalia upande wa pili, mzee wa watu anabaki ameinua mkono.

Hadi mwezi uliopita.

Zawadi mnamjua, yule dada fundi wa Mang'ula anayebeba mizigo ya wapanda milima. Ana mkonga wake, mzima, anataka loki ya nyuma. Akaja kuniuliza kama mnavyoulizaga. Nikamwambia nyuma, waya, hesabu meno kwa punje. Akasema alishahesabu, zake ni thelathini na saba, mbele na nyuma. Huku anaangalia kuku.

"Baba, hiyo difu waliyokalia kuku ni ya meno mangapi?"

"Hiyo ina laana."

"Laana ina meno mangapi?"

Nikacheka, nikakosea nikacheka. Alishaingia uani. Akamwondoa jogoo, akamimina dizeli, akakwangua kinyesi na kutu kwa brashi ya waya. Mimi niko kwenye kiti changu namsimulia Kassimu alivyonidhulumu. Mara akaacha kusugua.

"Baba, hapa pamegongwa maandishi."

"Maandishi gani?"

"Kwa msumari... hapana, kwa senta panchi. Vinukta vinukta." Akasogeza uso. "W-E-N-D-E. Halafu thelathini na saba. Halafu K."

Mnakumbuka Kassimu anavyouza? Hata leo. Ukimwagiza kitu kizito, anachukua nyundo na senta panchi, mbele yako, anagonga jina lako na namba uliyoisema kwa mdomo wako, ili kesho usimrudishie kitu kingine. Hata mjomba wake anamgongea. Alinigongea na mimi siku ile. Niliisikia ile nyundo. Nilikuwa pale.

Zawadi aliweka brashi chini. Alichukua punje za mpunga wa kuku, akazungusha gia, akahesabu. Thelathini na saba. Akaziweka kwenye kiganja changu, akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

Basi wa tatu ni huyu. Wendelini, fundi wa Kibaoni, darasa la tano, mjuzi wa kuhesabu hadi elfu. Siku ile nahesabu meno ya difu ya zamani ya Mama Sekunda, kwa mdomo, bila punje, nilikuwa nimefika thelathini na saba, na baba mkwe wangu akatokea mlangoni na jogoo mkononi, amevuka mto tangu asubuhi. Baba mkwe! Unamwambia subiri nimalize meno manne? Nilisimama, nikampa shikamoo yake, nikamletea kiti, nikaagiza soda, nikapokea jogoo. Alipoondoka nikarudi kwenye difu, nikajiuliza nilikuwa nimeishia ngapi. Thelathini na saba. Nikaisikia kama jumla, nikasahau kwamba ilikuwa kituo cha njiani. Nikaibeba hadi dukani na kuitamka. Nilipolala kwenye mtaro ule sikuwa tayari kumlaumu baba mkwe, na kujilaumu mwenyewe ndiyo kabisa. Kassimu alikuwa mbali, na ana duka. Ni rahisi kumchukia mtu mwenye duka.

Difu nilimpa Zawadi. Iko kwenye gari lake, inapanda Udzungwa vizuri, haina laana yoyote.

Asubuhi ya pili nikachukua fimbo nikaenda sokoni. Mzee Kassimu amezeeka, miwani imefungwa na uzi. Alikuwa mbele ya kaunta anamhesabia mteja bolti, moja moja, midomo inacheza. Nikasimama mlangoni. Mguu haukunjiki, kwa hiyo kuinama siwezi, niliinamisha kichwa tu.

"Shikamoo, Mzee Kassimu."

Mkono wake ukasimama hewani na bolti. Akanitazama juu ya miwani.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mguu?"

"Mguu haujambo. Mzee, ile difu. Nilisema mwenyewe thelathini na saba."

"Najua ulisema. Niligonga." Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Wallahi miaka yote hii nilidhani umechukia kwa sababu machungwa yalikuwa machachu."

Mteja akaguna. "Mzee, bolti zangu?"

Kassimu akaangalia lile rundo, akaangalia ile moja mkononi mwake. "Ala! Huyu na shikamoo yake kanipoteza. Nilikuwa nimefika ngapi?"

Hakuna aliyejua. Nikatia mkono mfukoni. Zile punje za Zawadi zilikuwa bado zimo. Nikazimimina juu ya kaunta, nikavuta kiti, nikanyoosha mguu wangu pembeni.

"Anza moja, mzee wangu," nikamwambia. "Wewe weka bolti, mimi naweka mpunga."